Hendsfrii ya kwenye gari: angalia maiki kwanza, mengine yatafuata

Mwaka jana mwezi wa sita nilivunja trei 11 za mayai pale Kikatiti kwa sababu ya simu. Sikugonga mtu, namshukuru Mungu mpaka leo, ila nilikaribia sana. Nilikuwa natoka Usa River naelekea Moshi na Probox yangu, nyuma kuna trei kama 60, simu ikaita ipo kwenye kiti cha abiria, nikaona ni mteja wa hotelini Moshi ambaye nilikuwa nimeshamchelewesha, nikanyoosha mkono niichukue ikateleza ikaenda upande wa mlango, nikainama kidogo tu, nainua kichwa namwona mtoto wa shule na kidumu chake cha maji yuko katikati ya barabara. Nilikanyaga breki gari ikaenda upande. Mtoto akavuka. Nikapaki pembeni nikakaa kama robo saa magoti yanatetemeka, na ute wa mayai unachuruzika kutoka nyuma mpaka chini ya kiti changu.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Ukiwa kwenye 80 gari inakula karibu mita 22 kila sekunde moja. Sekunde tatu za kuinama ni mita 66, hapo macho yako hayapo barabarani kabisa. Hata ukiwa kwenye 50 kama kibao kinavyosema pale kwenye makazi, sekunde tatu ni zaidi ya mita 40. Na ile barabara yetu ya Arusha-Moshi mnaijua, kuanzia Tengeru siku ya gulio mpaka Boma Ng'ombe hakuna sehemu ya kusema hapa hakukatizi mtu, mbuzi au bodaboda.

Kwa hiyo nikaamua nafunga hendsfrii. Na nikisema hendsfrii simaanishi zile earphone za masikioni, hizo ukivaa zote mbili husikii vizuri honi wala king'ora, namaanisha kifaa cha gari chenyewe ambacho simu inaongelea kwenye spika. Nimehangaika nacho miezi kama minne na hela imeliwa, ndo maana naandika hapa ili we usipite nilikopita.

Kosa langu la kwanza ni kwamba nilinunua kwa macho. Nilichukua kale kadude ka Bluetooth kanakochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kana taa za bluu, kana matundu mawili ya USB, elfu 20. Haka hakana spika, kanachofanya ni kurusha sauti kwa FM na redio ya gari inaidaka, yaani kanakuwa kama kituo kidogo cha redio ndani ya gari. Nikakaweka 98.5 kama alivyonielekeza muuzaji, naenda kwenye redio nitafute 98.5, haipo. Nikarudisha dukani nikasema kibovu. Kumbe kizima.

Hapa sikiliza vizuri maana wengi tunaendesha gari zilizotumika Japan. Redio nyingi za FM za Japan zilitengenezwa kwa masafa ya 76 mpaka 90, sisi huku stesheni zetu zinatumia 87.5 mpaka 108. Na hivi vidude vinarusha 87.5 mpaka 108 vilevile. Kwa hiyo kama redio yako ni ile iliyokuja na gari na haijafanyiwa kitu, wewe na hicho kidude mnakutana hapo kati ya 87.5 na 90 tu, basi. Weka 88.1 au 89.3 au popote ambapo hakuna stesheni, redio nayo iweke hapohapo, itashika. Kama gari ilifungwa ekspanda, kile kiboksi kidogo fundi anachounga kwenye waya wa antena ili upate stesheni za huku, hesabu inabadilika: ekspanda inayoshusha megahezi 14, kidude ukikiweka 98 basi redio utaiweka 84. Ekspanda zinatofautiana, njia rahisi ya kujua ya kwako ni kuchukua stesheni unayoifahamu masafa yake halisi, angalia redio yako inaionyesha kwenye ngapi, toa, hiyo tofauti ndo yako.

Shida ya pili ya FM ni safari. Masafa ambayo Arusha mjini yapo kimya, ukishapita Boma Ng'ombe unakuta kuna stesheni ya upande wa Kilimanjaro inaingia juu ya simu yako, mteja anaongea bei na mtangazaji anaongea mpira. Nikawa nabadilisha masafa huku naendesha, sasa hapo nimekimbia nini? Nimetoka kushika simu nimeenda kushika redio.

Ila hayo yote yanavumilika. Kilichonifanya nikatupe ni maiki. Mi nilikuwa nasikia vizuri kabisa, nikadhani mambo yako sawa, kumbe upande wa pili hawanisikii. Siku moja nikamwambia mama mmoja wa mgahawa Moshi, shikamoo mama, nakuja na trei tisa, akasikia sita. Akaagiza nyingine tatu kwa mtu mwingine. Nimefika na tisa, hazichukui, na ana haki. Tisa na sita kwenye simu mbovu ni kitu kimoja. Maiki ya vile vidude ni katundu kadogo kama ka sindano, na kenyewe kapo chini kabisa pembeni ya gia, mbali na mdomo, karibu na muungurumo. Muuzaji akikuonyesha dukani kunakuwa kimya, kila kitu kinasikika.

Basi hapo ndo nikaelewa. Ukinunua hivi vitu usinunue kwa jinsi wewe unavyosikia, nunua kwa jinsi wanavyokusikia.

Nikaazima kifaa cha jamaa yangu chenye maiki ya waya, ile ndogo kama punje ya haragwe, nikaibandika kwa gundi ya karatasi sehemu tofauti tofauti. Mama watoto akakaa nyumbani na karatasi na kalamu, mi nazunguka na gari Usa River mpaka Maji ya Chai na kurudi, kila sehemu nampigia namsomea namba: sita, tisa, saba, sitini na sita, tisini na sita. Anaandika anachosikia. Tulifanya jioni mbili. Ikiwa pale kwenye tundu la sigara alipata namba tatu kati ya kumi. Pembeni ya tundu la feni alipata mbili tu, akaniambia Baba Neema hapo ni kama unaongea ndani ya debe, na kweli upepo wa AC ulikuwa unapiga moja kwa moja kwenye maiki. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wangu alipata zote nikiwa polepole, nikifika 80 na kioo kiko wazi kidogo akawa anakosa nusu. Kwenye kikinga jua alipata nane. Juu ya shina la usukani, pale nyuma ya usukani chini ya mshale wa spidi, alipata tisa nikiwa 80 na kioo kimefungwa, na saba kioo kikiwa wazi. Nikaiacha hapo. Gari yako inaweza kuwa tofauti kidogo, ila fanya hilo zoezi kabla fundi hajapitisha waya, ni mafuta kidogo tu na mtu mmoja mvumilivu.

Sasa ununue nini? Kama gari siyo yako, au unabadilisha magari, chukua kile cha kubana kwenye kikinga jua, kina betri yake, spika yake na maiki yake, hakihusiani na redio wala FM. Kipo karibu na mdomo na hakihitaji fundi. Ila usikiache juani. Moshi ukipaki mchana juani hata kwa masaa mawili, ndani ya gari ni jiko, na betri za lithiamu na joto havipatani, nilichokuwa nacho mimi kilivimba mgongo. Ukishuka kitoe kiweke kwenye droo.

Kama gari ni yako na una uwezo, funga redio yenye Bluetooth na tundu la maiki ya nje. Siyo lazima ile kubwa ya Android, redio ya kawaida yenye Bluetooth inatosha na haikuvutii macho. Cha kuangalia nyuma ya redio ni tundu limeandikwa MIC. Kama halipo mara nyingi maana yake maiki iko kwenye uso wa redio, iache. Halafu kuna vitu vinauzwa vimeandikwa Bluetooth lakini ni vya muziki tu, vile vya kuchomeka kwenye tundu la AUX la redio, vingine havina maiki kabisa. Ukiunganisha na simu ingia kwenye settings za Bluetooth bonyeza jina la kifaa, kama hakuna sehemu ya kuruhusu kupiga na kupokea simu, kuna sehemu ya muziki tu, usitoe hela.

Vipimo navyo. Redio nyingi za dukani uso wake una upana wa milimita 178, Toyota nyingi zilikuja na za 200. Ukiweka ya 178 kwenye nafasi ya 200 panabaki uwazi pembeni, kuna vipande vya plastiki vya kuziba, mwambie muuzaji akupe palepale dukani, usikubali fundi ajazie karatasi kama nilivyofanyiwa mimi mara ya kwanza, ikawa inagonga gonga barabara nzima.

Kwenye waya simama na fundi, usiende kunywa chai. Kwenye redio za dukani waya wa njano ni wa umeme wa muda wote, mwekundu unapata umeme ukizungusha ufunguo, mweusi ni ethi, ule wa kufunga kwenye bodi ya gari. Fundi wangu wa kwanza aliunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa muda wote ili amalize haraka, siku ya tatu asubuhi gari haiwaki, betri imekauka maana redio haikuwa inazima kabisa. Akimaliza, zima gari, toa ufunguo, hakikisha redio imezima, washa tena uone kama saa na stesheni zimebaki. Kama zimefutika basi njano imeungwa pabaya. Na kila muungo uzungushiwe tepu ya umeme vizuri, siyo kusokota waya na kuacha.

Waya wa maiki upite ndani ya plastiki, usining'inie karibu na pedali. Ukitaka kupitisha kwenye nguzo ya kioo angalia kwanza kama ile plastiki imeandikwa SRS AIRBAG, yaani ndani kuna mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali. Kama imeandikwa, fundi asipitishe waya juu ya huo mfuko wala asibanebane kitu hapo, ule mfuko ukifunguka unafunguka kwa nguvu na unahitaji njia.

Na usimlipe fundi gari ikiwa imepaki. Mwambie apande, ingieni barabarani, piga simu kwa mtu umuulize anasikiaje. Akilalamika anajisikia mwenyewe sauti inarudi, punguza sauti ya redio, na peleka sauti yote spika za mbele, mara nyingi inaisha hapo. Kama haiishi maiki iko karibu mno na spika ya mlango.

Wenye laini mbili kwenye simu moja msihofu, Bluetooth inafuata simu, laini zote zinaita. Wenye simu mbili, smatifoni na kitochi, ulizeni kama kifaa kinashika simu mbili kwa pamoja, vingine vinashika moja tu. Mi kitochi nakizima nikiwa safarini. Na kuna kile kipengele cha simu kujipokea yenyewe, kizime. Ukiwa na abiria mtu anapiga tu anaanza kukudai hela, gari nzima inasikia. Nikipokea neno la kwanza nasema niko barabarani na nina watu, wateja wangu wameshazoea.

Kitu kimoja nataka kusema bila kuzunguka. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali kama mara nne zaidi, na linasema hendsfrii siyo salama sana kuliko kushika simu mkononi. Mwanzoni sikukubali, hela nimetoa yote hiyo. Lakini kuna siku mteja alinipigia tukaanza kubishana deni la wiki tatu, mikono yote kwenye usukani, macho mbele, na nimepita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA sikumbuki nimeipitaje. Hapo ndo nikakubali. Mikono ilikuwa huru ila akili ilikuwa kwenye deni.

Kwa hiyo sa hivi barabarani napokea oda tu, trei ngapi na saa ngapi, narudia namba kwa sauti, tisa, tisa ya baada ya nane, anasema ndiyo, nakata. Deni, bei, malalamiko, nasema nikifika Boma nakupigia. Nikifika Boma Ng'ombe napaki, nampigia gari ikiwa imezimwa.