Kuandikisha chumba chako cha IRC na kukiongoza, jibu toka Goma

Salama ndugu yangu. Umeuliza namna ya kuandikisha chumba chako mwenyewe cha kuchati kwa vijana benye banajifunza kompyuta kule Bukavu, na umesema umechoka na magrupu ya WhatsApp juu namba za wasichana zinaishia kwa batu hawawajui. Nakuelewa sana. Mimi niko Goma, kartie Himbi, chumba chetu kiko kwenye IRC, njia ya kuchati kwa maandishi kupitia intaneti, mtandao wa Libera.Chat, na siwezi kukihamisha. IRC ni ya zamani, Mfini mmoja Jarkko Oikarinen njo aliitengeneza mwaka 1988 pale chuo kikuu cha Oulu, lakini kwa vile ni maandishi matupu inakula mega kidogo sana, hata mtandao ukiwa mbovu kabisa ujumbe unapita, na hakuna mutu anaona namba yako ya simu.

Kuandikisha kwenyewe hakuchukui muda. Unaingia web.libera.chat na simu yako, ao unatumia programu yoyote ya IRC, unaweka irc.libera.chat na porti 6697 yenye TLS, ile ya kuficha mazungumzo njiani. Unaanza na jina lako kwanza, juu chumba kinashikamana na akaunti ya mutu: /msg NickServ REGISTER nenosiri barua-pepe (NickServ ni roboti ya mtandao yenye inalinda majina). Watakutumia barua yenye mstari wa kuthibitisha, uukopi wote vile ulivyo uubandike. Kisha /join ##jina-la-chumba. Zile # mbili ziweke hivyo hivyo, pale Libera # moja ni ya miradi na mashirika yenye jina hilo, mbili ni za vyumba vya mazungumzo tu. Ukishaingia angalia jina lako kwenye orodha ya pembeni, ukiona lina @ mbele, alama ya kiongozi wa chumba, ujue wewe njo wa kwanza kuingia, sasa andika /msg ChanServ REGISTER ##jina-la-chumba (ChanServ ni roboti yenye inalinda vyumba) na ni chako. Kama hakuna @ basi kuko batu ndani ao mwenyewe yupo tayari, tafuta jina lingine.

Batu bengi banaishia hapo na kwangu mimi hapo njo kazi inaanza. Nakuomba sana kitu kimoja: chumba kisikae na ufunguo wa mutu mmoja. Sisi wa Kivu tunaishi mahali mutu anaweza kupotea hewani bila kuaga. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, vita ilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika, na mimi mwenye chumba sikuwa hewani kabisa. Chumba hakikufa juu dada mmoja wa Bukavu na kijana mmoja wa Gisenyi walikuwa na haki zao zimeshaandikwa, wakaendelea kupokea batu benye banatafuta habari za ndugu zao na kutoa wale wa kuleta uvumi. Katikati ya mwezi wa 2 ikafika zamu ya Bukavu, dada akakimbia na watoto, akabaki yule wa Gisenyi peke yake, na bado chumba kikasimama. Ingekuwa ufunguo uko mfukoni mwangu tu tungekuta nini?

Haki zinatolewa hivi: /msg ChanServ FLAGS ##chumba jina +otrv, herufi o ni ya kujipa ile @, t ni ya kubadilisha mada, r ni ya kufukuza na kufunga mlango, v ni ya kumpa mutu sauti chumba kikiwa kimenyamazishwa. Yule unamuamini kama ndugu wa tumbo moja mpe +F, anakuwa mwenye chumba sawa na wewe, na kuko +S ya kumuandika mrithi. Usigawe F kama pipi lakini usibaki nayo peke yako.

Na si vita tu. Mwezi wa 5 mwaka 2021, siku chache kabla mlima wa moto Nyiragongo ulipuke tarehe 22, wafanyakazi wa kujitolea wa Freenode, mtandao mwingine wa IRC, walitoka kwa ugomvi wa nani anamiliki mtandao, wakafungua hii Libera tarehe 19. Wiki iliyofuata vyumba mamia kule Freenode vilichukuliwa toka kwa wenyewe juu tu mada zao zilitaja Libera. Kwa hiyo orodha ya viongozi wako iwe pia kwenye karatasi, na mjue mtakutana wapi kama mtandao wenyewe umeanguka.

Sasa mambo ya kila siku. Umeme ukikatika saa moja jioni ukirudi na simu utakuta jina lako bado liko ndani, ni ile laini ya kwanza haijajua kama umetoka, andika /msg NickServ REGAIN jina nenosiri, unalirudisha. Yaliyosemwa ukiwa haupo hautayaona, IRC haihifadhi, labda mmoja wenu awe na ZNC, programu yenye inabaki hewani badala yako na kukuwekea ujumbe, kwenye seva inayokaa macho.

Kufukuza batu, hapa nisikilize vizuri. Akija mkorofi usikimbilie kufunga anwani yake ya IP, ile namba ya laini yake ya intaneti, juu kampuni za simu zinaweka wateja bengi nyuma ya anwani moja, unafunga mmoja kumbe umefungia nje kartie nzima, na banaoumia hawatajua hata kwa nini. Funga akaunti: /mode ##chumba +b $a:jina. Na kabla ya kufika huko mnyamazishe tu na +q pahali pa +b, anaona mazungumzo lakini hasemi, mutu akipoa unatoa. Likija wimbi la spamu weka +q $~a, benye hawajaandikisha jina hawataongea mpaka mtulie. Usikae na @ siku nzima, inatisha wageni, jipe wakati wa kazi na /msg ChanServ OP ##chumba kisha uitoe.

Wasichana wako waambie baingie #libera-cloak baandike !cloakme, inaficha IP, na programu iwekwe SASL, njia ya kuingia na nenosiri moja kwa moja, ili jina lijitambulishe kabla ya kuingia vyumbani, bila hivyo IP inaonekana kwa muda mfupi.

Kama bado unaogopa, fungua kwanza chumba cha mazoezi, cheza na FLAGS wewe na rafiki mmoja, mkimaliza /msg ChanServ DROP ##chumba, atakuomba uthibitishe, kinafutika. Ukikwama kwenye ile barua ya kuthibitisha angalia spamu kwanza.