Fremu Iliyonisuta

Wiki iliyopita msomaji mmoja mwenye biashara ya kusafisha ofisi alinitumia dhamira ya biashara yake, yale maneno ya kueleza biashara ipo kwa kazi gani: "Dada, ipitie kabla sijaichapisha." Nikasoma: "Kuwa kampuni inayoongoza kwa huduma bora, bunifu na zenye weledi, na kuzidi matarajio ya wateja wetu." Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Hiyo ilikuwa yangu, karibu neno kwa neno.

Nilianza ushonaji na cherehani mbili, fundi mmoja na fremu ya kioo iliyong'ara kuliko chochote mle ndani. Maneno yake niliyaokota kwenye tovuti tatu nikayaunga kama viraka. Nikajiona mkurugenzi.

Ijumaa moja mteja alifuata gauni lake la kuendea usaili wa kazi Jumatatu. Nilimwahidi Jumatano. Gauni lilikuwa bado mezani, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini, pindo halijakunjwa. Nikaanza hadithi zetu zile: umeme, fundi anaumwa. Hakunisikiliza. Alikuwa anausoma ukuta kwa sauti, taratibu, kama mtoto anayejifunza silabi: "Ku-zi-di ma-ta-ra-ji-o." Akanigeukia. "Mimi sikutarajia makubwa, dada. Nilitarajia gauni."

Akaondoka nalo vile vile, na pini zake. Hakurudi tena. Miaka imepita, lakini nikiona mwanamke mwenye mwendo kama wake, moyo bado hunipasuka.

Fremu niliishusha jioni ile ile.

Miezi kadhaa baadaye nilifungua daftari la vipimo nikaanza kuhesabu nani alirudi, na kwa nguo gani. Wengi walikuwa wanawake wanaotaka nguo za kazini. Na malalamiko? Karibu yote yalikuwa ya tarehe. Hapo nikaandika: "Tunashona nguo za kazi za wanawake, zikae mwilini bila kubana, zitoke siku tuliyoahidi." Fundi wangu akaongeza la kwake: "Tusichokiweza tunasema mapema." Nikaiandika kwa kalamu, nikaibandika juu ya cherehani.

Haikuchelewa kuniuma. Akaja mtu na oda ya sare mia mbili, wiki mbili. Nilizitaka mno! Fundi hakusema kitu. Alitazama karatasi, akanitazama mimi. Nikakataa. Jamaa zangu waliniita mjinga, tena mbele ya watu. Leo nina mafundi sita, na baadhi ya walionicheka huniletea nguo zao. Sisemi zaidi.

Msidhani ni ugonjwa wa wadogo tu. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilijinadi kwa maneno manne: heshima, uadilifu, mawasiliano, ubora. Desemba 2001 ikafilisika, kumbe hesabu zilipikwa. Lakini Johnson & Johnson, watengenezaji wa dawa wa Marekani, waliandika dhamira yao mwaka 1943, mteja akitangulia na mwanahisa akija mwisho. Mwaka 1982 watu saba walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vyao vya maumivu, Tylenol, vilivyotiwa sumu, kampuni iliondoa sokoni chupa takriban milioni 31. Mengine mnaweza kubishana nao, lakini siku ile karatasi ilifanya kazi.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kunakili. Sema unafanya nini, unamfanyia nani, na jambo gani uko tayari kupoteza pesa kwa ajili yake. Ubora, weledi, ubunifu: futa. Nani atajitangaza kwa huduma mbovu? Dira nayo usiichanganye humu. Dira ni unakotaka kufika, dhamira ni kazi unayoiamkia kila siku. Ukimaliza, msomee mfanyakazi wako. Akitabasamu chini kwa chini, rudi ukaandike upya. Na narudia, acheni kunakili! Mnajidanganya wenyewe, mteja hamumdanganyi hata siku moja.

Yule msomaji nilimuuliza: ofisi za nani, na mnafanyaje? Akajibu papo hapo: "Ofisi ndogo zisizo na mtu wa usafi. Tunaingia usiku, asubuhi wanakuta pasafi na kila karatasi iko pale pale walipoiacha."

Nikamwambia hiyo ndiyo, aichapishe.

"Lakini dada, hiyo si maneno ya kawaida tu?"

Bado tunabishana.