Ever-Ready ya 1912 na Gem Micromatic: ipi inanyoa vizuri zaidi?

SWALI: Habari yako, fundi. Marehemu babu aliacha vyombo viwili vya kunyolea ndevu, vyote vya wembe wenye makali upande mmoja tu. Kimoja kimeandikwa Ever-Ready na kina mwaka 1912. Kingine ni Gem Micromatic, kile kinachofunguka ukizungusha kitako cha mpini, na kina meno mbele. Shemeji aliniletea wembe mmoja wa Gem kutoka Marekani nikautia kwenye Micromatic. Kwa kuwa ulikuwa mmoja tu, Ever-Ready niliiwekea wembe nilionunua duka la hadiwea. Micromatic ilininyoa mpaka shavu likawa laini kabisa, lakini siku ya pili shingo yote ikajaa vipele. Ever-Ready inavuta nywele, na upande wa kushoto inauma. Ipi ni bora? Na nikiipeleka kupakwa nikeli upya, je, itanyoa vizuri zaidi? Picha nimekutumia. – Msomaji, Buruburu

JIBU: Ndugu msomaji, bado hujavilinganisha hivyo vyombo viwili. Umelinganisha wembe wa kunyolea na wembe wa kukwangulia rangi kwenye vioo. Wembe wa hadiwea una umbo lile lile, hata mgongo wa bati iliyokunjwa unao, na kwa mbali huwezi kuutofautisha. Lakini ukingo wake umenolewa kwa kazi ngumu na kwa kawaida hauna ile tabaka nyembamba ya utelezi inayopakwa nyembe za ndevu. Ukipita kwenye unywele unakwama kwanza, unauvuta, ndipo unaukata. Huko ndiko kuvuta unakokulalamikia, na babu hana hatia. Utoe leo hii, wala usijaribu kuutumia mara nyingine hata kwa nusu ya uso.

Agiza pakiti ya nyembe za Gem za chuma kisichoshika kutu zilizopakwa utelezi. Dukani mtaani hutazipata, kwa sababu dukani kuna za makali mawili, za aina ya Gillette, ambazo haziingii kabisa kwenye vyombo vyako. Angalia vizuri unapoagiza: kuna za Gem ambazo ni za kiwandani na maabara, hazina tabaka hilo, na huuzwa kwenye kurasa hizo hizo za mtandaoni. Uzuri ni kwamba Ever-Ready na Gem zote zilikuwa chapa za kampuni moja, American Safety Razor ya Brooklyn, kwa hiyo wembe mmoja unafaa vyote viwili.

Sasa picha yako. Niliikuza nikatazama kichwa cha Ever-Ready kutoka mbele. Mwisho wa kushoto wa wembe umetokeza nje ya meno zaidi kuliko wa kulia. Ni tofauti ndogo, labda unene wa kucha, ila shavu linaihisi. Kwenye pembe mbili za mbele za kichwa kuna vidole vifupi vya chuma, mimi huviita vizuizi. Wembe unasukumwa kutoka nyuma, kwa mgongo wake, mpaka ukingo utue kwenye vizuizi hivyo. Kila kitu kinachohusu ubora wa kunyoa kwenye vyombo vya aina hii kinaanzia hapo. Kizuizi kikilika au kikipinda kidogo, upande huo unatoka nje na kuuma, na upande wa pili unabaki umejificha na kukuachia mabaki ya ndevu. Hata anayejua kushika chombo atajikata.

Kabla ya kukilaumu kizuizi, hakikisha si wembe wenyewe. Mgongo wa wembe wa hadiwea mara nyingine haukukunjwa kwa usawa, nao ukisukumwa unakaa upande. Tia wembe mpya wa Gem, simama dirishani mchana, elekeza kichwa kwenye mwanga, fumba jicho moja, kisha tazama ule ufa kati ya ukingo na meno. Ufa uwe na upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama bado unapanuka upande mmoja, kizuizi ndicho tatizo. Usikichokonoe kwa playa ya nyumbani. Chuma cha ndani ni shaba ya manjano iliyochoka kwa miaka mingi, ikikunjwa mara mbili inavunjika. Mpelekee fundi wa saa, wale wa vibandani katikati ya mji. Ana koleo ndogo na ana subira. Wale wa Kamukunji nawaheshimu sana kwa masufuria na majiko, lakini kazi hii si ya nyundo.

Tuseme basi kichwa kimenyooka na vyombo vyote vina wembe mpya unaofanana. Ipi ni bora?

Ukiuliza ni ipi inakata karibu zaidi na ngozi, ni Micromatic yako yenye meno. Imesanifiwa baadaye, miaka ya 1930, na inauweka ukingo mbele kwa ujasiri. Meno yaliyo wazi yanapitisha povu na nywele ndefu bila kuziba, kwa hiyo mtu aliyekaa wiki bila kunyoa huifurahia. Micromatic zilizofuata, zenye upau mzima mbele badala ya meno, si lazima ziwe za upole zaidi. Watu huona upau wakadhani ni kinga, kumbe baadhi ya zile ndizo kali kuliko zote. Iliyo pole kweli kweli katika ukoo huo ni ile nyepesi ya miaka ya 1950, Gem Featherweight, ambayo wewe huna, basi tuiache.

Ever-Ready ya 1912 ni ya kati. Huo mwaka uliogongwa kwenye chuma ni wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa, na muundo wenyewe uliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo ya babu inaweza kuwa changa kuliko unavyodhani. Unainua mfuniko, unatelezesha wembe, unafunga. Hakuna kinachozunguka wala kinachokaza. Ikiwa imenyooka, inapita kwa utulivu na inakusamehe ukikosea mkao wa mkono.

Lakini mimi ni kinyozi, na wateja wangu wengi wana ndevu kama zako: kipilipili, zinazojikunja mara tu zinapotoka kwenye ngozi. Kwa ndevu hizo, ulaini wa shavu dakika tano baada ya kunawa ni kipimo kibaya. Unywele uliokatwa chini mno unaacha ncha kali ndani au usawa wa ngozi, nao unapokua unajikunja na kuitoboa ngozi kutoka ndani au kurudi ndani kutoka nje. Mwili unaupokea kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya shingo yako. Ndiyo sababu pia zile za plastiki zenye nyembe tatu au tano zinawatesa wengi wetu: wembe wa kwanza unauvuta unywele juu, wa pili unaukata, na kisiki kinazama chini ya ngozi. Wembe mmoja una nafuu, mradi usiukandamize na usiivute ngozi kwa vidole ili upate ulaini zaidi.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni Ever-Ready, ikisharekebishwa. Itakuachia ukwaruzo kidogo ukipitisha kiganja kinyume cha nywele, na hilo ndilo unalolitaka. Micromatic itumie mashavuni ukipenda, shingo usiiguse nayo. Mwenye nywele zilizonyooka ningemwambia kinyume, na wala nisingebishana naye.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fanya hivi. Wembe mpya wa pakiti moja kwa kila chombo, sabuni moja, povu moja, uso uliooshwa kwa maji ya moto. Nusu ya kulia Ever-Ready, nusu ya kushoto Micromatic, pito moja tu kwa kufuata mlalo wa nywele. Safari ijayo ubadilishe pande, maana mkono wako mmoja ni hodari kuliko mwingine na nywele za shingo hazilali sawa pande zote. Usitoe hukumu siku hiyo. Itoe kesho kutwa, kwa kuhesabu vipele.

Mkao wa mkono nao una sehemu yake. Aliyezoea wembe wa makali mawili hukiinamisha chombo karibu nyuzi 30 kutoka ngozini. Kwenye vyombo vyako hivi viwili ukifanya hivyo unakwangua. Hapa unalaza uso wa juu wa kichwa, ule bapa, moja kwa moja kwenye shavu, kisha unainua mpini kidogo tu mpaka usikie ukingo umeshika. Utausikia kwa masikio pia. Wembe wa Gem una unene wa milimita 0.23 hivi, zaidi ya mara mbili ya ule wa makali mawili wenye milimita 0.1, haupindi wala hautetemeki, na unapokata unywele mgumu unatoa mlio. Mlio si dalili ya kujikata. Mlio ukinyamaza ghafla ndipo uangalie, mara nyingi umeinua mpini mno au povu limekauka.

Kuna wasomaji wengine huniletea vya kale zaidi wakitarajia makubwa. Star ya ndugu wa Kampfe wa New York, ambao hataza yao ni ya mwaka 1880, zaidi ya miaka 20 kabla King Gillette hajaanza kuuza chake mwaka 1903, ni kitu kizuri cha kuwekwa kabatini. Wembe wake ni kipande kinene kama kilichokatwa kwenye wembe wa kinyozi wa zamani, na lazima ukinoe na kukisugua kwenye mkanda wa ngozi mwenyewe. Ubora wa kunyoa hapo ni ubora wa mnoaji.

Usafi: vyombo hivi vilitumiwa na mtu mwingine. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, hasa chini ya mfuniko na kwenye bawaba ambako sabuni ya enzi za babu imegeuka jiwe. Kausha, kisha futa kwa spiriti ya hospitali. Jik usiitie, inaila nikeli. Kama kulikuwa na wembe wa babu ndani, utupe ukiwa umefungwa kwenye kopo, hata ukionekana mzima.

Na hiyo nikeli mpya: haiongezi chochote kwenye kunyoa. Palipobanduka utaona shaba ya manjano, nayo haidhuru ukikausha chombo baada ya kazi. Hatari iko kabla ya kupaka, kwa sababu fundi husugua kwanza kwa gurudumu ili chuma kipokee nikeli, na gurudumu hilo linakula ncha za meno na vile vizuizi viwili nilivyokueleza. Utarudishiwa chombo kinachong'aa kisichoweza kuushika wembe sawasawa. Fundi akisisitiza kuanza na gurudumu kwenye kichwa, chukua chombo chako urudi nacho Buruburu.