Slaisi ilinitesa miaka miwili, mchanga wa ufukwe wa Raskazone ndo ukaninyoosha

Jamani hii naiandika kwa yeyote anayecheza gofu ambaye mpira wake ukitoka kwenye kijiti unaenda vizuriii, halafu katikati ya safari unakata kona kulia kama bajaji iliyoona abiria. Mimi huo ugonjwa, ndo slaisi yenyewe, nimeishi nao miaka miwili hapa Tanga na pesa ya mipira iliyopotelea vichakani sitaki hata kuihesabu.

Kosa langu kubwa lilikuwa dawa niliyojipa mwenyewe. Naona mpira unaenda kulia, basi nasimama nimeelekea kushoto, unazidi kwenda kulia, nazidi kugeuka kushoto, mpaka siku moja jamaa yangu akaniuliza we unalenga bendera ya shimo au unalenga ule mwembe? Kumbe ndo nilikuwa nauongezea moto. Iko hivi, mpira unaanza safari karibu na kule uso wa fimbo, ile sehemu inayogonga mpira, unakotazama, ila unapinda kwa sababu uso na njia ya fimbo haviendi upande mmoja. Sasa ukisimama kushoto fimbo inapita kushoto, na we bado uso umeuelekeza kwenye bendera, hapo tofauti imeongezeka na mpira lazima upinde zaidi. (Naongelea wanaopiga kwa kulia, mashoto mgeuze wenyewe.)

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyebeba mifuko ya wachezaji tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamwomba anitazame, akatazama mipira mitatu tu akasema, "Mwanangu, wewe unapasua kuni. Huku tunafyeka."

Basi. Ukipasua kuni shoka linatokea juu ya bega linashuka mbele yako, na mimi kila nikishusha fimbo bega la kulia lilikuwa linatangulia, fimbo inatoka nje inakuja ndani, inaukata mpira kwa ubavu. Ukifyeka majani je? Sote tumeshika fyekeo shuleni, unajua mwenyewe linavyozunguka kiunoni, mwili unaanza mkono unafuata. Nikawa naenda kupandisha fimbo, nasita kidogo, halafu naanza kushusha kwa kuhamishia uzito mguu wa kushoto huku mikono naivutia kwenye mfuko wa suruali wa kulia. Bila mpira kwanza, taratibu, hata mara thelathini. Ukikimbilia mpira siku ya kwanza unarudi kwenye kuni, nakuhakikishia.

Halafu mshiko. Angalia mkono wa kushoto ukishashika, unaona vifundo vingapi vya vidole? Mimi nilikuwa naona kimoja, na mshiko wa hivyo uso wa fimbo unafika kwenye mpira umebaki wazi. Geuza mkono kulia kidogo uone viwili au hata vitatu, na fimbo ilale kwenye vidole, sio kwenye kiganja. Na joto letu hili la pwani mikono inalowa, fimbo inateleza, unajikuta umeikaba kama mwizi wa kuku, mikono yote inakakamaa na uso haufungi tena. Beba taulo, futa mikono, legeza.

Sasa mchanga. Aironi zangu, yaani zile fimbo za kichwa cha chuma bapa, zilikuwa na tatizo jingine, nachimba udongo kabla ya mpira, mpira unaruka hatua kumi aibu tupu. Maji yakipwa asubuhi nikawa nashuka Raskazone na aironi 8, nachora mstari mrefu kwenye mchanga mbichi, nasimama mstari ukiwa katikati ya miguu, napiga mchanga bila mpira. Alama inatakiwa ianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa bendera. Zangu za mwanzo zote zilikuwa nyuma, kama kuku kapekua, kwa sababu uzito ulikuwa umebaki mguu wa kulia. Mchanga haukusifii wala haukuonei, alama iko pale unaiona. Nenda pasipo na watu, watoto huwa wanapenda kusogea kutazama, na ukirudi osha fimbo kwa maji yasiyo na chumvi maana chumvi itaila.

Ah na ile kelele ya "umeinua kichwa!" kila ukigonga utosi wa mpira, mimi siiamini sana. Annika Sörenstam, yule mwanamama wa Sweden, alikuwa anageuza kichwa mapema kabisa na akashinda mataji 72 ya LPGA, mashindano ya gofu ya kulipwa ya wanawake. Mara nyingi kinachoinuka ni mwili mzima, nyonga zinasogelea mpira, mgongo unanyooka, kichwa kinabebwa tu. Mwambie mtu akurekodi na simu akiwa upande wako wa kulia, akitazama kule unakopigia, simu iwe usawa wa mikono, irudie slomo utajiona. Mimi nilijiona nikacheka, halafu nikanyamaza.

Slaisi imepungua sana, inarudi nikichoka, shimo la saba la nane hivi jua likiwa kali. Ila wiki iliyopita nimeanza kuona mipira inakata kushoto, kucheki mkono naona vifundo karibu vyote vinne, nilikuwa nimegeuza kupita kiasi kwa furaha. Nimeurudisha kidogo. Kesho maji yanapwa mapema, nashuka tena na aironi yangu.