Kuchora uso mweusi kwa rangi za mafuta: anza na dirisha

Wanaoanza kuchora sura kwa rangi za mafuta huniuliza kwanza, "Rangi ya ngozi unaichanganyaje?" Nami huwauliza: mtu wako umemkalisha wapi, na dirisha liko upande gani? Ngozi nyeusi haina rangi moja. Inapokea mwanga uliomo chumbani, na huo ndio unaouchora.

Vitabu vingi vya Ulaya vinasisitiza dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua haliingii upande huo. Ukiwa Dar es Salaam usiufuate ushauri huo kichwa kichwa. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la mchana hupita kaskazini, kwa hiyo miezi hiyo natumia dirisha la kusini. Desemba nahamia la kaskazini.

Sasa tazama paji la uso. Pale panapong'aa pana ubuluu wa anga, si weupe. Masikioni na pembeni mwa pua kuna wekundu, na mtu akivaa shati la njano, chini ya kidevu utaikuta njano hiyo. Mimi hutumia rangi chache: amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), ocha ya njano, nyekundu ya alizarini, bluu ya altramarini na nyeupe ya titani. Nyeusi ya tyubu siigusi, maana inaugeuza uso kuwa mkaa. Amba na altramarini zinatosha kutoa giza zito lenye uhai. Nyeupe itie kwa uchache mno, la sivyo ngozi itapauka.

Tabaka la kwanza napaka amba tupu iliyolainishwa kwa tapentaini, nikitafuta giza na mwanga tu huku nimefinya macho. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kivuli cha pua kikikaa vibaya, nyusi nzuri hazitakiokoa. Tabaka zinazofuata naziongezea mafuta ya kitani kidogo kidogo, kwani ya juu ikiwa na mafuta pungufu kuliko ya chini, rangi hupasuka. (Matambara yenye mafuta hayo yaanike nje, usiyarundike. Yanaweza kuwaka yenyewe.)

Weupe wa jicho ndio unaowaponza wengi. Chota kijivu chenye ukahawia kwenye ncha ya kisu cha kuchanganyia rangi, unyooshe mkono, ukilinganishe na jicho la huyo aliyekaa mbele yako. Mara nyingi utalazimika kukitia giza zaidi.