Taa ya Injini Imekataa Kuzimika: Maswali na Majibu

Premio yangu ni ya 2004. Fundi amefuta kodi P0171 (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari) mara kadhaa, lakini nikifika Mtwapa taa inawaka tena. Ninunue sensa ya oksijeni? – Msomaji, Bamburi

Usinunue kitu kwanza, ndugu yangu. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Haisemi sensa imekufa. Mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayosema kweli, na ndiyo inayong'olewa.

Kabla hajafuta tena, mwambie fundi aache injini ikinguruma na aangalie kwenye mashine ya kusoma kodi kompyuta ya gari inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ikiwa ni 20 hivi bila kukanyaga, kisha ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Zima injini, shika ule mpira mnene unaotoka kwenye filta ya hewa, uukunje kwa mkono. Nyufa hujificha ndani ya mikunjo, upande wa chini ambao hakuna anayechungulia. Mpira ukiwa mzima, zitazame zile paipu nyembamba za hewa, kisha gasketi ya inteki, yaani njia ya hewa kuingia kwenye injini.

Asilimia ikipanda kadiri unavyokanyaga, mambo ni mengine: sensa ya kupima hewa imechafuka, au petroli haifiki ya kutosha. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza. Fundi akikujia na kitambaa, mzuie. Ikiwa safi na hali ni ile ile, pima presha ya pampu.

Nina Corolla AE100 ya 1994. Fundi wa mashine amenirudisha, eti haina pa kuchomeka. – Mzee, Changamwe

Shikamoo mzee. Gari lako halihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake mna majina ya matundu. Swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa itapepesa. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji au waya zake. Ikipepesa mfululizo bila kutulia, hakuna kodi. Tahadhari na tundu la +B. Ukiligusisha na E1 utaunguza fyuzi. Ukishatengeneza, zima swichi na uchomoe fyuzi ya EFI kwa dakika moja, kodi itafutika.

Nikitoka kwenye feri Likoni na kupanda kile kilima, taa inapepesa na gari linatetemeka. Kodi ni P0303. – Mama wa watoto wawili, Mtongwe

Dada, taa inayopepesa si sawa na inayowaka tu. Silinda ya tatu haichomi, na petroli mbichi inakwenda kuiunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Punguza mguu, usilisukume gari hivyo hadi Ukunda.

Ikiwa kila silinda ina koili yake (ile inayoipa plagi umeme), hapa kufuta kodi kuna kazi ya maana. Hamisha koili ya tatu iende ya kwanza, futa, endesha. Ikirudi P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, tazama plagi, kisha injekta inayopuliza petroli. Na je, uliosha injini juzi? Maji hukaa kwenye shimo la plagi siku kadhaa, na huku kwetu kwenye chumvi hayaondoki bila kuacha kutu.

Nikichomoa betri usiku kucha? – Msomaji, Kongowea

Gari la zamani litasahau kodi, na redio yako huenda ikadai namba ya siri. Ubovu hausahau. Lakini betri ikiwa imechomolewa tayari, sugua vichwa vyake na ule waya wa ethi (wa upande hasi wa betri) unaofungwa kwenye injini. Kodi nyingi zisizohusiana, zikiwaka kwa pamoja, mara nyingi chanzo ni ethi iliyoliwa na kutu.

Nanunua gari, muuzaji anasema halina kodi hata moja. Nitajuaje kama hakuzifuta asubuhi? – Msomaji, Mikindani

Mashine ya kusoma OBD2 (mfumo wa kujipima wa magari ya kisasa) huonyesha pia vipimo ambavyo kompyuta imeshavikamilisha. Vikiwa vingi havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Mwombe muuzaji mwende pamoja hadi Mariakani na kurudi, kisha mpime tena. Akianza kutafuta visingizio, rudi nyumbani na pesa zako.