Mama hainuki bila kushika meza

Swali: Dokta shikamoo, mama ana miaka 72, siku hizi hainuki kwenye kiti bila kushika meza na anakula chai na mkate tu, nimwache apumzike?

Jibu: Marahaba. Usimpumzishe bwana, misuli isipotumika ndo inazidi kuisha. Apimwe kwanza, hasa kama udhaifu umeanza ghafla. Akiruhusiwa, egemeza kiti kigumu ukutani, asogee mbele kidogo, ainuke na kukaa taratibu bila kujibwaga, mara 5 hivi, we uwe karibu. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Sasa hiyo chai na mkate, protini iko wapi? Kila mlo kiwepo kimoja, yai, samaki au maharage, ila akiwa na shida ya figo amuulize daktari wake kwanza.